UZI: Ndugu zetu Marekani wanaandikiwa barua wapeleke kesi zao za madai kwenye TV. Tuelewane kabla mtu hajasaini

Mwana Kibirizi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mada hii imenifikia kutoka kwa familia moja ya Kasulu, na naamini itawafikia wengi. Mkoa wetu wa Kigoma umejaa watu wenye ndugu Marekani. Waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka na miaka, Wakongomani kwa wingi wao, wamehamishiwa kule kwa maelfu, na huku wameacha wakwe, mashemeji na marafiki. Mtu akipokea barua ya Kizungu asiyoielewa, picha yake inatua WhatsApp ya Kasulu kabla hajamuuliza hata jirani.

Barua yenyewe ni hii. Dada mmoja alihama nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akagoma kumrudishia amana yake ya dola 1,400, ile pesa ya dhamana anayoweka mpangaji akiingia, kwa madai kwamba zulia limeharibika. Dada akaenda mahakama ya madai madogo ya huko, akafungua kesi mwenyewe bila wakili, akapangiwa tarehe. Kabla ya tarehe ikaja bahasha kutoka kwa watengenezaji wa kipindi cha televisheni. Wanasema wameiona kesi yake, wangependa isikilizwe kwenye kipindi chao, apige simu au ajaze fomu. Fomu inauliza jina lake, jina la mdaiwa, kiasi, ana picha na risiti gani, kisha nafasi kubwa ya kueleza kilichotokea kwa maneno yake.

Kundi la familia likagawanyika. Shemeji anasema hao ni matapeli. Mdogo wake anasema nenda, utalipiwa hadi ndege. Mama mzazi yuko Kasulu, na swali lake ni moja: kwa nini mambo ya mwanangu yaanikwe mbele ya dunia nzima kwa sababu ya zulia?

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Kigoma mjini. Nimesoma utaratibu wa vipindi hivi na nimeongea na dada mwenyewe kwa simu. Naweka hapa nilichokipata pamoja na msimamo wangu.

Wengi wanashtuka kwanza kwamba wamejuaje. Majalada ya kesi hizi kule yako wazi kwa umma. Wafanyakazi wa vipindi wanayapitia, wakiona mgogoro wenye mvuto wanawaandikia wote wawili, anayedai na anayedaiwa. Wapo pia wanaojipeleka wenyewe kwa kujaza fomu mtandaoni. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja: bila upande wa pili kukubali, hakuna kipindi.

Sasa lililo kubwa. Kile chumba cha kwenye TV si mahakama, hata kama kuna joho, meza ndefu na askari mlangoni. Kipindi kilichofungua njia hii kwa wengine ni The People's Court, kilichoanza mwaka 1981 na Joseph Wapner, jaji mstaafu wa Los Angeles. Kinachojulikana zaidi ni Judge Judy cha Judith Sheindlin, aliyekuwa hakimu wa mahakama ya familia Manhattan, kilichorushwa kuanzia 1996 hadi 2021. Watu hao ujaji walikuwa nao kweli, lakini ndani ya studio kazi yao ilikuwa usuluhishi. Wanaogombana wanasaini mkataba kwamba wanaifuta kesi iliyoko mahakamani na watakubali atakachoamua msuluhishi. Nguvu yote imo kwenye karatasi hiyo. Hata wale waliokaa nyuma kama wasikilizaji kwenye Judge Judy walikuwa watu wa kulipwa.

Ukishajua pesa inatoka wapi utaelewa kwa nini watu wanakubali. Msuluhishi akisema mdai alipwe, anayelipa ni kipindi. Aliyeshindwa hatoi senti mfukoni mwake. Kwenye Judge Judy kikomo kilikuwa dola 5,000. Juu ya hapo kipindi kinagharamia nauli, hoteli na posho kidogo ya kufika. Mlinganishe na mahakama yenyewe: kule pia hakimu akikupa ushindi anakupa karatasi. Kuikusanya pesa ni kazi yako, uombe akaunti ya benki ya mdaiwa izuiwe, uombe mshahara wake ukatwe, na kila ombi lina fomu yake na ada yake. Wapo walioshinda na hawajaona hata dola moja. Kipindi kinaiondoa shida hiyo yote kwa mkupuo. Kwa malipo hayo kipindi kinachukua sura zenu, sauti zenu na habari zenu, na hizo hazirudi. Kipande kinakatwa, kinapandishwa YouTube, na miaka 10 baadaye mtoto wako anakiona.

Kwa hiyo nilimwambia dada hivi. Kama unamdai mtu asiye na kitu, mtu wa kuhamahama, asiye na kazi inayojulikana wala akaunti, hiyo barua ifikirie kwa uzito, maana mahakamani unaweza kushinda ukabaki na karatasi. Wewe unamdai mwenye nyumba. Nyumba ipo, haihami, na kodi inaingia kila mwezi. Huyo analipika. Ukienda kwenye TV, anayenufaika zaidi ni yeye, kwa sababu kipindi kitamlipia deni lake.

Kuna jambo jingine ambalo barua haisemi. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria inayomwadhibu mwenye nyumba anayekalia amana kwa nia mbaya. Massachusetts inaweza kufika mara 3 ya amana, California mpangaji anaweza kuongezewa hadi mara 2 ya amana yake. Kwenye studio hakuna anayekuhakikishia kwamba msuluhishi ataigusa nyongeza hiyo, na kesi ya mahakamani utakuwa umeshaifuta.

La lugha ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote. Dada Kiingereza chake ni cha kazini na dukani. Mahakama za kule zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kumsaidia asiyejua Kiingereza, na kwa miaka mingi hiyo imechukuliwa kuwa na maana ya mkalimani, wa Kiswahili akiwemo. Studio si mahakama. Uliza kabla: nitakuwa na mkalimani au nitasimama peke yangu mbele ya kamera, huku msuluhishi ananikatiza na watu wananicheka? Mwanamke aliyevuka ziwa na watoto, akakaa kambini, akaanza maisha upya ugenini, hastahili kuonekana mjinga kwa sababu tu sentensi imemkwama.

Na tafadhali, kujaza fomu si kukubaliwa. Wanachagua hadithi zitakazovuta watazamaji, majirani waliokosana, wapenzi walioachana, ndugu waliokopeshana. Ukikaa kusubiri simu yao huku tarehe ya mahakama inapita, kesi inaweza kutupwa. Usiifute, usikose tarehe, mpaka mkataba uwe mkononi na umeusoma na mtu anayeelewa.

Karibuni kwa michango.

Kasulu Kwetu

Mkuu umetufumbua macho. Mimi ndiye shemeji unayenisema hapo juu, na bado nina wasiwasi. Matapeli wa sasa wana nembo na mihuri. Tutajuaje barua ni ya kweli?

Mwana Kibirizi

Shemeji karibu, na hofu yako ina msingi. Kipimo cha kwanza ni pesa inaelekea wapi. Kipindi cha kweli ndicho kinachokulipa wewe. Anayekuomba "ada ya usajili", namba ya kadi ya benki au namba ya hifadhi ya jamii kwenye simu ya kwanza, kata simu hapo hapo.

Pili, angalia jina la kipindi. Judge Judy kiliacha kutengenezwa 2021. The People's Court na Judge Mathis vilifikia mwisho 2023. Marudio yanaendelea kuonyeshwa, ndiyo maana watu wanadhani vipo hai. Barua ya leo ikija kwa jina la kipindi kilichokwisha, ina walakini. Sheindlin mwenyewe alihamia Judy Justice kuanzia 2021, na yeye ndiye aliyebuni Hot Bench cha 2014, chenye wasuluhishi watatu.

Tatu, dada apige simu kwa karani wa mahakama, kwa namba iliyo kwenye hati ya mahakama na si iliyo kwenye barua, aulize: kesi yangu bado ipo, tarehe ni ileile? Haimgharimu kitu.

Fundi wa Katonga

Mleta mada, nimesoma yote. Sasa nigeukie nyumbani. Mimi niliuza mashine ya mtumbwi kwa kijana mmoja, milioni 4 na nusu, akatanguliza milioni 2, zilizobaki alipe kila mwezi. Alilipa vizuri. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei 2024 akaniambia hakuna uvuvi, nisubiri mpaka 15 Agosti. Nikasubiri kama binadamu. Ziwa likafunguliwa, akahamia Ilagala, simu hapokei, na mashine anaitumia. Kuna vijana wa chaneli ya mtandaoni wameniambia watamfuata na kamera mpaka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, atoe pesa mbele ya watu. Wanataka laki moja na nusu ya mafuta. Kwa hayo uliyoyaeleza ya Wamarekani, si ni kitu kilekile?

Mwana Kibirizi

Kaka pole sana. Kwanza nikupongeze kwa kumvumilia ile miezi 3, maana sote mwambao tuliona hali ilivyokuwa, chanja za kuanikia dagaa zilibaki tupu.

Ila hapana, si kitu kilekile. Kule kuna mambo matatu: wote wawili wamesaini kwa hiari, kuna mwamuzi aliyekubaliwa, na kuna mfuko unaolipa. Hao vijana hawana hata moja. Mdaiwa hajasaini lolote, mwenye kamera hana mamlaka ya kuamua, na badala ya kukulipa wewe ndiye unayelipa. Laki na nusu inaondoka, deni liko palepale.

Na unaweza kujiletea kesi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kumrekodi mtu kwa nguvu na kusambaza sura na deni lake kunaweza kukugeuza wewe kuwa mlalamikiwa. Ukisema kwenye kamera kwamba ni mwizi, wakati mlikubaliana mauziano na akalipa sehemu, umemchafua. Hilo ni deni la mkataba, ni madai, si jinai. Hata polisi si pa kwenda kwa jambo hilo.

Pa kwenda ni Mahakama ya Mwanzo. Watu wengi hawajui kwamba tangu marekebisho ya 2016 Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mkataba hadi shilingi milioni 30. Hata angekuwa hajalipa chochote kati ya zile milioni 2 na nusu zilizobaki, deni lako lingekuwa ndani kabisa. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, unasimama mwenyewe, unaeleza mwenyewe. Unaweza kufungua pale deni lilipozaliwa, au pale mdaiwa anapoishi. Ningekuwa wewe ningefungua karibu na alipo, ili wito umfikie na mashine ikamatwe kirahisi ikibidi.

Una maandishi yoyote?

Fundi wa Katonga

Nina daftari. Ukurasa mmoja ameandika mwenyewe jina na kiasi, ameweka dole gumba la wino wa buluu, na mwenyekiti wa mtaa kasaini pembeni. Malipo yote yaliyofuata alituma kwa simu. Na kwenye WhatsApp ana ujumbe wa sauti anasema "kaka nivumilie mpaka Agosti, deni lako nalitambua".

Mwana Kibirizi

Kaka, wewe una kesi nzuri kuliko nyingi ninazoziona. Huo ujumbe wa sauti usiufute na usibadilishe simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa namna hiyo. Nenda kwa wakala au duka la mtandao wa simu uombe taarifa ya miamala yako ya kipindi hicho. Mazungumzo ya WhatsApp yachapishe yote, usichague tu yanayokupendeza, kwa sababu hakimu akiona mapengo atakosa imani na yaliyobaki. Daftari peleka lenyewe, usichane ukurasa. Ukurasa uliochanwa unazaa maswali ambayo daftari zima halizai. Na mwenyekiti mwombe mapema awe shahidi.

Isevya Tabora

Naomba nitofautiane kidogo na mleta mada, kwa heshima. Hapa Tabora kuna mtu alinizungusha mwaka mzima na pesa ya asali. Nilipeleka malalamiko kwenye kipindi cha redio, jioni yake akanipigia, kesho yake akalipa. Mahakama ingeniwekea tarehe juu ya tarehe. Aibu inafanya kazi, ndugu zangu. Mswahili anaogopa kusemwa kuliko anavyoogopa hakimu.

Mwana Kibirizi

Mkuu wa Isevya, sikatai kwamba ililipa. Aibu inafanya kazi, na inafanya kazi haraka. Shida yangu ni kwamba haichagui. Inamuumiza mwenye haya, yule asiye na haya inamwacha vilevile. Anayekwepa deni kwa kusudi atazima simu, atahamia Kalya, maisha yanaendelea.

Acha nieleze nililoliona kwa macho yangu hapa Kibirizi. Kuna mama anakausha dagaa. Biashara ya mwaloni unaijua: unachukua dagaa alfajiri kwa maneno, unaanika, ukiuza ndipo unamlipa mwenye mtumbwi. Mtaji wako mkubwa ni kuaminika. Mtu mmoja akampeleka kwenye chaneli ya mtandaoni kwamba anamdai laki 8. Wakaja na kamera akiwa anageuza dagaa kwenye chanja, mikono imejaa magamba, wakamsogezea kipaza sauti. Hakuwa na daftari karibu, akababaika, video ikaenda. Jioni tukakaa na mwenyekiti, tukapiga hesabu pamoja na yule mdai mwenyewe: deni lilikuwa laki 3 na elfu 20, kiasi kingine alishalipa kupitia kwa mdogo wa mdai. Mdai akakubali mbele yetu. Chaneli haikurudi kusahihisha. Msimu ule wote matajiri wa mitumbwi walikuwa wanamwambia toa pesa kwanza. Laki 3 ilimalizwa ndani ya wiki chache, jina lake halikurudi kwa wiki chache.

Ndiyo maana napenda jambo moja katika utaratibu wa Wamarekani na ningetamani tulichukue, bila kamera: kwamba kabla ya kusikilizwa, wote wawili wanasaini kwamba uamuzi utawabana. Sisi tunasuluhishana kwa mwenyekiti, kwa wazee, kwa shehe, kwa padri, tunapeana mikono, halafu hakuna karatasi. Baada ya mwezi kila mtu anakumbuka lake. Mkishapatana andikeni: nani analipa, kiasi gani, tarehe zipi, asipolipa nini kifuate, mashahidi wawili, sahihi. Hata ikivunjika, Mahakama ya Mwanzo mnaenda na kitu.

Isevya Tabora

Hilo la mama wa dagaa limenigusa. Sikulifikiria upande huo. Na migogoro ya viwanja? Huku ndiyo mingi kuliko madeni.

Mwana Kibirizi

Ya ardhi ina njia yake, usiichanganye na hii. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata linapatanisha tu, halitoi tena hukumu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Fungua uzi wake nitakuja kuchangia.

Kasulu Kwetu

Wakuu, mrejesho mfupi. Dada ameongea na karani wa mahakama, tarehe ipo palepale na ameandikishwa kupewa mkalimani wa Kiswahili. Wale wa TV walimpigia tena, akawauliza kuhusu mkalimani, wakamwambia watalifikiria. Akawajibu asanteni, nakwenda mahakamani. Mama amefurahi sana. Amana bado haijapatikana, tutawajulisha.

Mwana Kibirizi

Shukrani shemeji. Mwambie apange picha za nyumba kwa tarehe: siku ya kuingia, siku ya kutoka. Na ule ujumbe ambao mwenye nyumba alimwandikia "nyumba iko safi, asante" uwe wa juu kabisa kwenye faili.

Fundi wa Katonga

Mkuu, swali la mwisho. Wale vijana wa kamera nimewaambia basi. Jumatatu nakwenda kuuliza ada za kufungua. Nikishinda, na yeye asipolipa?

Mwana Kibirizi

Safi sana kaka. Asiporidhika ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na wewe hivyohivyo ukishindwa. Akinyamaza na halipi, unarudi mahakama ileile iliyotoa hukumu unaomba kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa. Hapo ndipo unapotaja mali: mashine ile, aina yake, nguvu yake, na namba iliyopigwa kwenye chuma. Kama namba hiyo unayo kwenye risiti uliyonunulia, itafute leo. Usiende kumpora mwenyewe mwaloni, mahakama ndiyo inayomtuma dalali wake.

Na mahakama inaweza kuruhusu alipe kwa awamu. Akiomba hivyo usikatae kwa hasira, angalia kiasi. Laki 2 kila mwezi zinazoingia kweli, kwa amri ya hakimu, huku mashine inaendelea kuvua, kwako ni afadhali kuliko mashine iliyokamatwa na kuuzwa mnadani kwa nusu ya bei. Mpigie hesabu msimu wa dagaa pia, usiweke tarehe za kulipa kwenye miezi ambayo ziwa linaweza kufungwa tena.

Ukifika mahakamani, andika namba ya shauri lako kwenye lile daftari, ukurasa uleule wa dole gumba.